Inveta Chini ya Kiti

Asubuhi ya tatu mfululizo betri ilikuwa imeisha chaji, na mimi tayari nilikuwa na mwizi wangu. Majirani walinisukumia gari hadi likawaka, nikateremka moja kwa moja gereji, pale mtaa wa Bakoba. Mbele ya wateja wake nikamwambia fundi, mzee wa rika la baba yangu, kwamba betri mpya niliyomletea aifunge ameiuza, akanifungia kuukuu.

Hakubisha. Aliuliza tu, "Mwanangu, kuna kitu umeongeza kwenye hili gari?"

"Hakuna!" nikafoka.

Akazima gari, akachomoa waya wa hasi, akaweka taa ndogo ya kupimia kati ya waya na betri. Ikawaka, ingawa kila kitu kilikuwa kimezimwa. Akatoa fyuzi moja moja. Taa ikabaki inawaka vilevile. Ndipo akafuata waya mwekundu kutoka kwenye betri hadi chini ya kiti cha nyuma, akavuta inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani.

Ilikuwa yangu. Niliifunga mwenyewe wiki ileile ya betri mpya, tulipokwenda Izigo kutega senene, wale panzi wa kuliwa, kwa taa kubwa. Nilizima taa, inveta nikaiacha inakula betri.

Wateja walicheka. Mzee hakucheka. Alipangusa mabawa ya senene yaliyonasa juu ya inveta, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilitamani anitukane.

"Wale senene ulioniletea Jumapili," akasema, "walikuwa watamu. Mama wa nyumbani kwangu anakushukuru."