Mkoba Mmoja wa Paspoti

Kaa vizuri, msomaji wangu, unisikilize, maana leo nina habari ya msiba na sipendi uisome mbiombio. Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya adhuhuri, alizikwa bwana mmoja aliyekuwa jirani yangu hapa Azaiba, Maskati, na kabla ya ujirani tulifanya kazi ofisi moja kwa miaka mingi. Yeye alikuwa mhandisi wa mabomba ya maji, mimi niliandika barua na ripoti. Hakuwa mtu maarufu. Mtaani alijulikana kwa jambo moja tu: kila mwaka, baridi ikiingia, yeye na mkewe walifunga mabegi wakaenda zao Ulaya au Marekani. Kama huishi Maskati, lazima nikueleze ajabu yake. Miezi hiyo ndiyo tunayoingojea mwaka mzima. Joto linaondoka, watu wanatandika mikeka ufukweni, hata wagonjwa wanatolewa nje wapunge upepo. Wanaosafiri husafiri wakati wa joto. Siku moja ofisini nilimwambia, "Wewe bwana una wazimu. Mungu katuletea hewa nzuri mpaka mlangoni, wewe unafunga safari kwenda kutafuta mafua!" Akacheka. "Nikenda Vienna wakati wa joto ntakutana na wewe, na mumeo, na nusu ya wizara. Sasa nitoke Maskati nikakutane na Maskati?"

Katika safari hizo alikuwa na mkoba mweusi wa ngozi, anauning'iniza shingoni chini ya koti. Ndani yake zilikaa paspoti zote mbili, tiketi zote mbili, karatasi za hoteli, na hata simu ya mkewe, asije akaiangusha. Usimcheke, kwa sababu nyumba nyingi za kwetu ziko hivyo hivyo. Familia ikifika uwanja wa ndege, baba anatangulia na paspoti zote mkononi kama anayegawa karata, na wengine wote wanamfuata nyuma. Mkewe alizaliwa Unguja, akaletwa huku msichana, akalea watoto watano na kuwaoza wote. Lakini tangu siku ya ndoa yake hakupata kuishika paspoti yake zaidi ya dakika ile ya kumwonyesha uso askari wa uhamiaji. Akishapigiwa muhuri, inarudi mkobani. Naye bwana alikuwa na amri moja ya safari, ile ile aliyowapa watoto wake walipokuwa wadogo sokoni Matrah: "Ukinipotea, kaa ulipo. Mimi ntakuja kukutafuta."

Mwaka mmoja walikuwa ndani ya treni Ujerumani. Wakati wa sala ya alasiri ulifika, na maji ya choo cha behewa lao yalikuwa yamekatika. Bwana akainuka na mkoba wake shingoni, akaenda nyuma, behewa baada ya behewa, mpaka akapata maji. Akatia udhu, akaona kiti kitupu, akasali papo hapo. Asichokijua ni kwamba treni nyingine za huko hukatwa katikati. Zinafika stesheni fulani, nusu inakwenda huku, nusu inakwenda kule. Ilitangazwa kwa Kijerumani, naye alidhani wanataja jina la mji. Alipomaliza kusali akarudi mbele, na alipofika mlango wa mwisho akaona kiooni theluji na reli tupu. Behewa la mkewe halipo. Yeye ana kila kitu mkobani isipokuwa mke. Mke naye ana chupa ya kahawa, kopo la halwa, na koti la mumewe.

Ilikuwa magharibi, nako magharibi ya huko wakati wa baridi huja mapema sana, alipompata kwenye stesheni ya mwisho ya njia ile nyingine. Wafanyakazi wa treni walipigiana simu wakamwelekeza. Alimkuta ofisini, ameketi baina ya wakata tiketi wawili wanawake, wote watatu wanakunywa kahawa. Bwana kaingia mbio, anatetemeka kwa baridi, anaomba radhi kwa lugha zote anazozijua. Bibi akaweka chini kikombe. "Ulinambia nikae nilipo," akamwambia. "Nimekaa. Pahala ndipo palipoondoka. Haya, vaa koti lako."

Kisa hiki kilichekesha watu hapa Azaiba mwaka mzima, na yeye mwenyewe ndiye aliyekihadithia zaidi. Lakini mkewe alinipa upande ambao mumewe hakuufikisha barazani. "Shoga yangu, mie sikuogopa baridi, wala sikuwaogopa Wazungu. Lakini yule mkaguzi wa tiketi alinikalia mbele akanuliza kwa upole, nami nkamfahamu kwa Kiingereza changu hiki cha kuokota: mama unakwenda mji gani? Hoteli gani? Sijui. Nimezaa watano, nimewauguza wazee wangu kwa mikono hii mpaka kufa, naulizwa unakwenda wapi, sijui! Hiyo ndiyo ilonitoa machozi."

Wanaume wengi ninaowajua, baada ya fedheha kama ile, wangeongeza ulinzi. Wangesema kuanzia leo hubanduki ubavuni kwangu. Bwana huyu alilitazama jambo kwa jicho la kazi yake. Aliniambia, "Nimefanya kosa la mwanafunzi. Mji mzima nimeutilia bomba moja. Likipasuka, wote kiu. Hapo usililaumu bomba, mlaumu alolichora." Wiki ile ile alinunua mkoba wa pili, na mwaka uliofuata walipokwenda Chicago kila mmoja alikuwa na wake. Kabla ya safari hiyo alinieleza jambo jingine, akaniomba lisitoke kwangu. Daktari alikuwa amemwambia moyo wake umechoka. "Mke wangu sijamwambia. Nnataka kwanza azijue njia. Siku ntakayoondoka mimi, asikae kwenye kiti anangoja mtu aje kumtafuta."

Chicago, basi, bibi ndiye aliyeongoza. Alitaka kuliona lile ziwa lao kubwa likiwa limeganda. Wakapanda treni zinazopita juu ya barabara, na bibi akachagua njia, kwa uhakika kabisa, inayokwenda upande wa pili. Bwana alilijua kosa mapema. Akanyamaza. Majengo marefu yakaisha, zikaja nyumba fupi, vikaja viwanja vyenye theluji na magari mabovu, mpaka treni ikafika mwisho na watu wote wakashuka. Bibi akasimama mbele ya ramani ukutani, akaifuata kwa kidole.

"Tumepotea," akasema.

"Eeh."

"Ulijua?"

"Toka stesheni ya pili."

"Na umenyamaza kimya, na miguu yangu hii yaganda!"

"Ningesema, ungenifuata mimi."

Alimnunia mpaka alasiri. Lakini aliirudia ramani, akauliza watu wawili, akabadilisha treni mara mbili, akamfikisha ziwani. Bwana alinihadithia siku hiyo kwa fahari ya mtu ambaye mtoto wake katoka wa kwanza darasani. Hakuniambia lolote juu ya ziwa lenyewe. Alichokiona yeye ni kidole cha mkewe juu ya ramani.

Nimekuwa nikilifikiria sana jambo hili. Sisi hatuwashikii wenzetu vitu vyao kwa ubaya. Tunawashikia kwa mapenzi, visipotee, wasihangaike. Ofisini pia nimeliona: yule mzee mwenye bidii, anayejua peke yake faili gani liko wapi, anasifiwa miaka thelathini, na siku akilazwa hospitali idara nzima inasimama. Mwenzangu huyu alipostaafu aliacha michoro yote ya mabomba imeandikwa majina kwa mkono, na wiki mbili zikapita bila mtu kumpigia simu kumuuliza kitu. Wenzake wengine wangeumia. Yeye alisema, "Alhamdulillahi, kazi imefanya kazi."

Nilikwenda kumpa mkono wa pole mjane wake, naye yumo ndani ya eda. Nilitarajia kumkuta amelala. Nilimkuta kitako, karatasi zote za marehemu amezipanga mezani kwa mafungu, miwani puani. Mwezi wa kwanza walikuwa waende Boston. Alikuwa keshapiga simu mwenyewe: tiketi ya marehemu kaifuta, yake kaisogeza mbele.

"Bado unakwenda?" nikamuuliza.

"Kwa nini nisende? Eda ikisha, natoka."

"Si baridi itakuwa imekwisha?"

"Itabaki ya kunitosha mie." Kisha akavua miwani. "Alidhani sijui habari ya moyo wake. Nlijua toka Chicago. Mwanamme yule, mpenda kusahihisha watu, hata imamu akikosea hatulii! Leo anyamaze njia nzima, mpaka mwisho wa reli? Nkajua hapa pana jambo. Sikumuuliza. Nkaona bora nijifunze haraka, afurahi." Akafuta macho, akanigeukia. "Na wewe, paspoti yako iko wapi?"

Msomaji, mimi ninayekuandikia kila wiki nikikushauri hili na lile, sikujua iko wapi. Nilirudi nyumbani nikamuuliza mume wangu. "Kwani unakwenda wapi?" akasema. Nikamwambia siendi pahala. "Sasa ya nini?" Hata hivyo alinipa ufunguo wa droo yake. Paspoti yangu ilikuwamo, na muda wake umekwisha miaka miwili, wala hakuna kati yetu aliyejua. Chini yake palikuwa na nyingine. Ni ya dada wa Tanga, mama wa watoto watatu, anayetufanyia kazi za nyumba mwaka wa sita sasa. Siwezi kumsukumia lawama mume wangu. Mimi ndiye niliyeichukua mkononi mwake siku aliyofika, nikasema tutakuwekea, isipotee.

Nikaenda nayo jikoni. Alikuwa anakuna nazi. Alipoiona mkononi mwangu aliinuka ghafla, uso ukambadilika. "Mama, nimekosa nini? Mnanirudisha?" Miaka sita, na kitabu chake mwenyewe anakijua kama habari ya kufukuzwa. Nikamwambia, "Hukukosa kitu. Niliyekosa ni mimi. Ni yako, iweke unapotaka wewe." Akafuta mikono kwa kanga, akaifungua, akaitazama picha yake kwa muda. "Kumbe nilikuwa mwembamba hivi," akasema, tukacheka wote wawili. Kisha akaitia kifuani, akarudi kwenye nazi yake.

Mwenyezi Mungu amrehemu jirani yangu, aliyekaa kimya ndani ya treni ili mkewe ajue njia. Nawe, ukishaweka chini gazeti hili, nenda kwenye droo ya nyumba yako. Zitoe paspoti zote, tazama tarehe zake, na kila moja umkabidhi mwenyewe mkononi.