Vern Tregenza, Beki Asiyepigiwa Honi

Miaka kumi na minne kaka yangu Vern alilinda goli la Wirrabeen, na sikumbuki hata siku moja magari yakimpigia honi. Kwetu, ambako mpira wa miguu huchezwa hata kwa mikono, magari huegeshwa kuuzunguka uwanja, na mfungaji akifunga, honi hulia mpaka mbwa wanajificha. Lakini beki akiruka na kuutoa mpira kwa ngumi mikononi mwa adui, kimya! Watu wanajimiminia chai.

Alianza mwaka 1956, kijana wa miaka kumi na tisa, mwembamba. Baba alisema, "Huyu atavunjika kabla ya mapumziko." Iliyovunjika ni pua, akacheza nayo hadi mwisho. Vidole vyake vimepinda kama misumari iliyong'olewa; siku hizi mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati. Mama alipomsihi aache, alijibu, "Nikiacha, nani atamkaba Ludbrook?"

Jack Ludbrook alikuwa mfungaji wa Tullamin. Timu nyingine zilimwota usiku.

Basi klabu ikatimiza miaka mia, kamati ikachagua wachezaji bora wa miaka yote. Orodha ilibandikwa mlangoni kwa muuza nyama. Niliisoma mara tatu. Vern hayumo.

Nikamfuata katibu, Craig Pohlner, mtoto niliyemfuta kamasi.

"Bibi Merle, tumefuata hesabu. Magoli na kura za waamuzi za mchezaji bora. Vern magoli hana hata moja."

"Beki wa mwisho afunge goli gani? La kwetu?"

"Usinikasirikie mimi. Vitabu ndivyo vinavyosema."

"Vitabu havijawahi kuvunjwa pua!"

Vern aliniambia niachane nao. Lakini Jumamosi ile hakwenda uwanjani, mara ya kwanza tangu aache kucheza. Alikaa amelipa dirisha mgongo. Miaka themanini na tatu, halafu wamfanyie hivyo! Nikampigia simu Ludbrook mwenyewe.

Alikuja nami kwenye mkutano wa kamati na fimbo yake, hakusubiri kukaribishwa.

"Nani kamwacha Vern?"

"Mzee wangu, hesabu..." Craig akaanza.

"Unapenda hesabu? Haya. Kwa wengine nilifunga sita, saba, siku nyingine tisa. Kwa Wirrabeen, miaka tisa, magoli kumi na moja. Na matatu nilifunga Vern akiwa nje anashonwa sikio."

"Sikio lilipatwa na nini?" akauliza mmoja.

"Nililichana mimi. Angenifanya nini tena, alikuwa ameshaning'oa meno mawili."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Craig akajikuna shingo. "Basi tumweke benchi la akiba."

"Benchi! Sasa mimi nilikuwa nakabwa na nani, bibi yako?"

Hapo ndipo walipolifuta jina lililokuwa kwenye nafasi ya beki wa mwisho na kuandika Vern Tregenza. Watu wanane walikuwa mezani pale, wanne kati yao walimwona akicheza kwa macho yao. Hakuna aliyekuwa amefungua mdomo kumtetea.

Nikaenda kumpasha habari. Vern alinisikiliza.

"Nani kanisemea?"

"Ludbrook."

"Ludbrook najua atasema. Wa kwetu pale mezani je? Nani?"

Ningeweza kumdanganya. Sijawahi kumdanganya kaka yangu, na sikuwa tayari kuanza kwa ajili ya watu wale.

"Hakuna," nikamwambia. "Hata mmoja."