Visanduku Visivyopumua

Binti yangu wa pili anaandika lugha ambayo hakuna mtu anayeiongea. Ni ya kuviamuru visanduku vidogo, saizi ya kiberiti, vipime joto na kupashana habari bila waya. Cha bafuni kinamwambia cha jikoni, cha jikoni kinamwambia cha sebuleni, mpaka habari inafika kwenye kompyuta yake. Kwa kifupi, mtoto amefundisha plastiki umbea.

Mwezi uliopita alivitawanya nyumba nzima. Mama Vifaranga, anayetotolesha mayai kwa mashine, alikuwa amemwambia: vikimaliza siku kumi kwa betri moja, kazi ni yako. Miaka miwili mtoto hana kazi ya kueleweka. Usingizi ukaniruka.

Siku ya kwanza nikaona taa ya kile cha jikoni imezimika.

"Mwanangu, kimekufa!"

"Kimelala, mama. Nimekiandikia kilale, kila dakika kumi kiamke, kiseme, kilale tena. Ndiyo kutunza betri."

Nikasema haya. Lakini mtu aliyelala unamwona anapumua. Hiki hakipumui! Basi nikawa nabonyeza kitufe cha chini, taa inawaka, moyo unatulia. Nikichemsha chai, nabonyeza. Nikienda kuoga, nabonyeza cha kule.

Siku ya nne cha jikoni kikafa kweli. Siku ya tano, cha bafuni. Binti akainamia kompyuta akisoma mistari yake upya, chakula kinapoa.

"Sijui nimekosea wapi."

Baba yake hata hakuinua macho kwenye gazeti. "Cha stoo kizima. Vinavyokufa ni vile anavyopitia mama yako."

Wakanigeukia wote wawili.

"Mama, unavibonyeza?"

"Kidogo tu."

"Kidogo mara ngapi?"

"Nikipita."

"Mama! Jikoni unapita mara mia kwa siku!"

Kumbe kila nikikibonyeza, kisanduku kinadhani kimepotea, kinaita wenzake kwa nguvu zote dakika nzima. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye akacheka mpaka akashika mbavu, halafu ghafla akarudi kwenye kompyuta. Akaandika amri mpya: ukibonyezwa tena kabla saa haijaisha, endelea kulala. Hakuzunguka na kompyuta chumba kwa chumba. Alikipa kimoja tu, kikawapa wenzake. Akabadilisha betri, akampigia Mama Vifaranga kuomba siku kumi nyingine.

Siku ya kumi Mama Vifaranga akaja. Vyote vilikuwa hai. Akachukua cha sebuleni, akabonyeza. Taa. Akabonyeza tena. Kimya. Akakitikisa, akabonyeza.

"Hiki kibovu?"

"Hapana," binti akasema, akikwepa macho yangu. "Kimezoea watu wasumbufu."

"Ahaa! Basi hujawaona wafanyakazi wangu. Hawakioni kitufe wakakiacha. Vile nilivyonunua kwanza vilimaliza betri ndani ya wiki." Akakiweka mezani. "Unaweza kuanza lini?"

"Jumatatu," nikajibu mimi.