Mfanyakazi wa Kumi na Nne

Kumbe hata kupima jasho la mwenzako kunasomewa. Anisia alikuwa amelisomea jambo hilo miaka miwili Gitega, Burundi, akipanga chumba mtaa wa Musinzira. Shahada yake ya pili ya uhasibu ilibakiza jambo moja tu: utafiti wa namna mfanyakazi anavyopimwa na kulipwa. Aliufanyia kwao Giteranyi, mkoani Muyinga, kwenye kituo cha kahawa ambako wanawake ishirini na wanne wanachambua punje na kulipwa kwa kilo. Asiyefikisha kilo kumi na mbili kwa siku haitwi msimu unaofuata.

Alipima mwezi mzima, akilala kwa Jeska, rafiki wa marehemu mama yake tangu walipokuwa kambi ya wakimbizi Tanzania. Jeska naye ni mchambuaji. Kisha akarudi Gitega na daftari lake kwa mwalimu wake, Bashizi, Mkongomani wa Kivu ya Kusini asiyejua kumung'unya maneno.

"Hizi chiffres, hizi namba, ziko propre, safi sana," Bashizi alisema. "Watu ishirini na ine, wote kilo kumi na tatu, kumi na ine? Hapana, Anisia. Ama umezitunga ku nyumba, ama kuko kitu unaficha. Kama wote wako sawa, utapima nini? Jury ya watahini itakurudisha."

Alikuwa anaficha. Vidole vya Jeska vilikuwa vimekakamaa tangu mwaka juzi, na wenzake mezani, kila msimamizi akigeuza kisogo, walimsukumia kahawa yao iliyokwisha chambuliwa. Anisia aliliona hilo siku ya kwanza, akatazama pembeni.

Ungetegemea alie. Hakulia. Alipanda basi la Muyinga akitafuna karanga, akamwomba mkuu wa kituo amkalishe kila mwanamke peke yake, na meza yake, kwa siku tatu. Mkuu alikubali hata kabla Anisia hajamaliza kueleza. Siku hizo tatu Anisia alisimama na mizani, na moyoni hamkuwa na kitu, si huruma wala aibu. Mfanyakazi wa kumi na nne, kilo saba. Akaandika saba. Jioni Jeska alipika ugali wa muhogo na maharage, wakala pamoja, na jambo lile hakuna aliyeligusa.

Kwenye kitabu chake cha utafiti aliandika kwamba meza zilitenganishwa "ili kuondoa athari ya kusaidiana". Jury waliisifu sentensi hiyo kuliko zote. Akapewa distinction, ufaulu wa daraja la juu, akapigiwa makofi, akashikana mikono na kila mtu, ganzi imemjaa mwili mzima. Mkuu wa kituo naye alipelekewa nakala. Msimu ulipofunguliwa meza zilibaki zimetenganishwa, na Jeska hakuitwa.

Anisia alikwenda Giteranyi kumpelekea nakala yake, maana alikuwa amemwahidi. Alimkuta uani, amekaa mkekani mchana kweupe, saa ambayo wenzake wote wako kituoni. Jeska alifuta mikono kwenye kitenge, akakipokea kitabu kwa mikono miwili, akapapasa jalada. Hakujua kusoma.

"Hongera, mwanangu. Na mimi nimo humu?"

"Umo, mama. Hatukuandika majina. Wewe ni wa kumi na nne."

"Nisomee."

Anisia akatafuta ukurasa. "Mfanyakazi wa kumi na nne, kilo saba."

"Ni saba kweli," Jeska alisema taratibu. "Siku ile ya kwanza ulipokuja na daftari lako, wenzangu waliniuliza, je, tuache kwanza kukusukumia, huyu mtoto asije akaona? Nikawaambia endeleeni tu. Huyu ni wetu."

Anisia alingoja machozi, hayakuja. Jeska akamrudishia kitabu, akamuuliza kama amekula. Anisia akasema ameshakula. Alikuwa hajatia kitu kinywani tangu asubuhi.