Maziwa Mabichi ya Baba

Harufu ya maziwa mabichi inanichafua roho, mimi ambaye bado naota kufungua duka la maziwa Kasese, lenye viti vya buluu na glasi zinazong'aa.

Baba yangu hununua ng'ombe soko la Muhokya na kuwauza Bwera. Mmoja aliharibu mimba uani kwetu, ikiwa karibu kutimia. Kondo la nyuma likakwama, linaning'inia, la kijivu, limejaa nzi, linanuka kama panya aliyefia kwenye gunia la mihogo. Baba akakunja mikono ya kanzu, akaingiza mkono mtupu hadi kiwikoni, akavuta. Ute wa kahawia ukamrukia mdomoni. Akatema, akacheka.

"Mutoto, shika mkia! Utauza maziwa namna gani na unaogopa ng'ombe?"

Niliushika huku natapika pembeni.

Baada ya wiki chache homa ikamwanza, na jasho la kunuka kama majani yaliyolowa. Kisha maumivu, tena si katikati ya mgongo: kulia, chini, penye kile kishimo juu ya kalio. Akashindwa kuinama kurukuu. Yeye, mtu wa safu ya kwanza msikitini, akawa anaswali nyuma, kwenye kiti cha plastiki tulichombebea kutoka nyumbani. Aibu ile ilimuuma kuliko mfupa.

Shangazi akasema mifupa inataka nguvu. Basi kila asubuhi nikamkamulia kikombe kutoka kwa ng'ombe yule yule aliyeharibu mimba, povu juu, unywele ukielea. "Kunywa, Baba, upone."

Hospitalini daktari alimlaza ubavu, akambonyeza nyonga. Baba akapiga kelele. Daktari akachora mfupa mpana wa chini ya mgongo, wenye mabawa mawili.

"Pembeni mwa kila bawa kuna sehemu yenye umbo la sikio. Hapo ndipo unaposhikana na nyonga, na uzito wako wote unapita hapo kwenda miguuni."

"Hii naijua," Baba akasema. "Kwa bucha tunaipasua na shoka."

"Mzee, maziwa unakunywa mabichi?"

"Mabichi kabisa! Mutoto yangu ananiletea kila siku." Alisema kwa fahari.

Nilitamani kuikata mikono yangu. Damu ilipopimwa, ikawa brusela, ugonjwa wa ng'ombe unaopitia kondo na maziwa mabichi, umejificha kwenye kiungo kile. Dawa za wiki nyingi.

Nyumbani nikachemsha maziwa mpaka yakafurika jikoni. Baba akayachungulia.

"Hii iko maji ya chokaa. Kunywa wewe kwanza."

Utando ulikuwa umejikunja juu, kama lile kondo. Nikafumba macho, nikameza. Ukanikwama kooni. Nikafungua mdomo aone.

"Daktari alisema nitarukuu?"

"Alisema. Ukimaliza dawa, na ukiacha mabichi."

Akachukua kikombe.

Kiti kile cha kuswalia amekwishanirudishia. Ndicho ninachokalia nikikamua, pua nimeiziba kwa leso.