Kamba ya Ambwene

Kaka yangu Ambwene alikuwa fundi turubai pale Mpemba. Lori likichanika turubai kwenye foleni ya mpakani, madereva walijua pa kumpata. Alipanda juu na sindano yake ndefu, akashona huku anapiga soga. Kwa sindano hiyo alijenga nyumba ya vyumba vitano, sisi tulioshuka kutoka milima ya Ileje bila hata kuku.

Watoto alikuwa nao watatu. Wakubwa, Watson na Yonathani, wako Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na biashara zao. Wa mwisho, Tukuswiga, haoni tangu azaliwe, na mama yao alishatangulia. Ambwene alimfungia kamba ya turubai kutoka mlango wa jiko hadi bombani, na kutoka bombani hadi chooni. Akishaishika, Tukuswiga alitembea kunishinda mimi mwenye macho.

Mwaka juzi Ambwene alikwenda mjini Vwawa kwa wakili, akarudi na karatasi. Akanieleza taratibu: nyumba itoke kwenye jina lake yeye akiwa hai, iwe chini ya wadhamini wawili, mimi na Mzee Mbonile wa kanisani. Tuitunze kwa ajili ya Tukuswiga, isije ikauzwa naye yumo ndani. Wote tulitia saini. Ilibaki safari moja tu ya ofisi ya ardhi, hati ibadilishwe jina.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mimi Sekela nina mdomo, jamani, na hauombi ruhusa. Kwetu mtu mzima akigawa mali huku anakula na kutembea, tunasema anaaga. Baba yetu mdogo aligawa ng'ombe wake Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Basi asubuhi ya safari nilimkuta Ambwene ameshavaa koti, hati iko mfukoni. Nikamshika mkono.

"Kaka, saini zinatosha. Usijiitie kifo."

Alicheka, akaniita mwoga. Lakini koti alilivua. Alisema tutakwenda baada ya Pasaka. Pasaka ikapita, ikaja nyingine ikapita. Mwezi wa saba presha ilimwangusha akiwa juu ya lori, na hakuamka tena.

Baada ya arobaini wanawe walikuja. Sitawasema vibaya, walimlilia baba yao, na walitaka haki yao. Mimi nilikwenda mahakamani kifua mbele na karatasi yetu. Hakimu aliisoma yote, kisha akaisoma hati. Akasema karatasi ni nzuri, ila nyumba haikuwahi kuhamishiwa kwa wadhamini. Marehemu amekufa ingali yake, kwa hiyo ni mirathi, na warithi ni watatu. Wawili walitaka iuzwe, ikauzwa.

Siku ya kuhama Tukuswiga aliipitia kamba yote, jiko hadi choo, kisha akarudi mpaka niliposimama.

"Shangazi, baba alisema nyumba ni yangu. Alinidanganya?"

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia baba yake alishavaa koti, na mimi ndiye niliyemvua. Alianza kufungua fundo moja moja, akaikunja kamba, akaiweka kwenye mfuko wake wa nguo.

Sasa anakaa kwangu, vyumba viwili na jiko la nje. Wiki nzima hakunisemesha zaidi ya salamu, na iliniuma kuliko kama angenitukana. Jumatatu nilibeba hati ya nyumba yangu, nikampitia Mzee Mbonile, tukaenda ofisi ya ardhi. Karani aliniangalia, akaniuliza kwa upole kama naumwa.

"Siumwi, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja leo."

Sikutoka pale mpaka nilipoona jina langu limeondolewa, nyumba imewekwa chini ya Mzee Mbonile kwa ajili ya Tukuswiga. Niliporudi nilimkuta Tukuswiga uani. Ameifunga kamba ya baba yake kwenye mlango wa jiko langu, na kwa mkono mwingine anapapasa hewani, anatafuta pa kufungia ncha ya pili. Nikamshika mkono, nikampeleka bombani.