Mzee Aliyelikana Gego Lake

Leo mzee mmoja amelikana jino lake mwenyewe.

Nilikuwa naye kwa daktari wa meno, hapa Nakuru. Anaitwa Okoth, fundi wa reli. Ujanani aling'olewa meno sita ya chini kwa chuma, kwa mila ya kwao, bila kulia. Leo gego lilikuwa limeoza, na alishawaapia wenzake wa karakana kwamba hatalia.

Daktari akamchoma sindano ya ganzi. Okoth akashika kiti, akafumba macho.

"Tayari, mzee. Uma pamba hii."

"Bado hujang'oa."

Daktari akamwonyesha gego.

"Hilo ni la mtu mwingine!"

Akatia kidole mdomoni, akakuta pengo.

"Sasa wenzangu niwaambie nimevumilia nini?"

Nyinyi mngemwambiaje?